Maji Yaliyobaki Bakulini

Wametusimulia waliotutangulia, nao walisimuliwa na waliokuwa kabla yao, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye lililo sahihi, kwamba palikuwa na nchi ikiitwa Nahwar, nchi ya mifereji na mashamba ya zabibu, na mtawala wake aliitwa Sultani Ghiyathi bin Mundhir. Alitawala hata waliozaliwa mwaka wa kutawazwa kwake wakaanza kuota mvi. Hakuwa dhalimu wa kupigiwa mfano, wala hakuwa walii. Alikuwa sultani, basi.

Nchi yenyewe ilikuwa moja kwa jina tu. Kulikuwa na watu wa Juu, waliokaa milimani mfereji mkuu unakoanzia, na watu wa Bondeni, waliokaa kule unakoishia. Hawakuoana. Hawakusali nyuma ya imamu mmoja. Kila upande ulikuwa na soko lake na makaburi yake, na mtu wa Juu akimsikia mtu wa Bondeni anapiga chafya na kumhimidi Mola wake, alijifanya kiziwi asije akalazimika kumwombea rehema. Na hao ni Waislamu, ndugu zangu, kibla kimoja na Ramadhani moja.

Uhasama huo ulianzia kwenye lango la maji. Zamani, katika mwaka wa ukame, Sultani alikuwa na vita huko mipakani, vita ambavyo hata yeye mwenyewe alikuwa amesahau vilianzaje. Vijana wa Juu walikuwa wakipelekwa huko, na vijana wa Bondeni pia, na waliorudi walikuwa wachache. Wazee wa pande zote mbili wakakutana, wakaafikiana kwamba Ijumaa ijayo watakwenda pamoja mbele ya Sultani wamwambie, "Turudishie watoto wetu." Kabla ya Ijumaa hiyo kufika, watu wa Bondeni waliamka wakakuta mfereji umekauka. Lango la maji kule milimani limefungwa kwa mnyororo. Bondeni wakasema, "Watu wa Juu wametuua kwa kiu." Watu wa Juu wakajibu, "Mwulizeni mlinzi wa lango, si mtoto wenu huyo?" Na kweli mlinzi alikuwa mtu wa Bondeni, jina lake Rabii bin Harithi.

Sultani akatoa hukumu kwamba Rabii amekula njama. Njama na nani, hakusema. Aliacha kila upande ujaze wenyewe, nao wakajaza. Rabii akakatwa kichwa, akafukiwa nje ya ukuta wa mji bila kusaliwa, kwa kuwa alihesabiwa mhaini. Na palikuwa na desturi katika Nahwar, ya tangu enzi na enzi, kwamba mtu akizikwa, kila nyumba ya jirani huja na bakuli la maji kutoka kwake, na udongo ukishasawazishwa humnyunyizia. Hiyo ndiyo ilikuwa shahada ya majirani. Kaburi ambalo halikuloa, walisema, ni la mtu aliyekufa hana mtu. Kaburi la Rabii halikupata hata tone.

Ijumaa ilipofika hakuna aliyekwenda kwa Sultani. Walikuwa wanapigana wao kwa wao. Vita vya mipakani vikaendelea, na vijana wakaendelea kupelekwa.

Rabii aliacha mke, Lubaba binti Wahbi. Mshikeni huyo moyoni, tutamrudia.

Miaka ikapita, na Sultani akashikwa na maradhi ambayo matabibu huyazungumza kwa kutikisa vichwa. Alikuwa na mwana mmoja tu, Amiri Nuaim, mtu mtulivu, mwingi wa ibada, mwenye sauti ya chini. Wengine barazani walinong'ona kwamba ni mpole mno kwa kiti kile. Nuaim alimpenda baba yake. Tuliseme hilo mapema, maana pasipo hilo kisa hiki hakina uzito.

Siku moja baada ya sala ya Alasiri, Sultani aliwatoa watu wote chumbani, wakabaki mwanawe na Waziri Kutaiba, aliyemtumikia tangu ujana wao.

"Nuaim, mlango umefungwa?"

"Umefungwa, baba."

"Lile lango la maji nililifunga mimi."

Nuaim alidhani ni homa inasema. Akamtazama Waziri, ili Waziri atikise kichwa kumtuliza. Waziri alikuwa anatazama zulia. Hapo Nuaim akajua kwamba si homa.

"Niliambiwa wanakuja pamoja," akasema Sultani. "Nikaogopa. Mmoja mmoja niliwaweza. Pamoja nisingewaweza. Nikatuma mtu alifunge, kisha nikamwadhibu mlinzi. Rabii aliniambia, 'Maulana, hata watoto wangu wanakunywa maji ya mfereji huu huu, vipi nitaufunga?' Nami nilikuwa najua kuliko yeye kwamba hakuufunga." Akapumua kwa taabu. "Siku ya kunisalia wewe ndiye utakayesimama kuniombea radhi. Usiombe kwa jumla. Litaje kosa kwa jina lake, umtaje na aliyekosewa. Watu hawawezi kunisamehe jambo wasilolijua. Niahidi, mwanangu."

"Nakuahidi, baba."

Ahadi za kando ya kitanda cha mgonjwa hutolewa upesi, na uchungu wake huonekana baadaye. Sultani Ghiyathi alitamka shahada, na jua la siku ile halikuzama naye akiwa hai. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Asubuhi yake likatokea jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Nuaim alikuwa amesimama roshani ya jumba, macho yamemvimba kwa kulia, akaona vumbi katika njia ya milimani. Walikuwa watu wa Juu wanateremka, wazee kwa watoto, na kila mwenye nyumba ana bakuli la maji mkononi. Akageuka upande wa pili, akaona watu wa Bondeni wanakuja, nao wana mabakuli yao. Akashika ukingo wa roshani. Akasema moyoni, hapa sasa damu itamwagika. Haikumwagika. Walikutana uwanjani penye jeneza, wakatazamana, na mzee mmoja wa Juu akamwambia mzee wa Bondeni, "Tumefiwa." Yule akajibu, "Tumefiwa sote." Wakashikana mikono, wakaangua kilio. Baada ya hapo ikawa kulia na kukumbatiana. Watu waliokuwa wakipeana visogo tangu ujana wao wakawa wanagombea kuweka bega chini ya jeneza moja. Wahenga hawakukosea waliposema kifo cha wengi harusi.

Waziri Kutaiba alikuja akasimama kando ya Nuaim. Machozi yalikuwa yanamtoka, na yalikuwa machozi ya kweli. Simsingizii mtu.

"Waona, Maulana? Jambo aliloshindwa akiwa hai amelifanya akiwa maiti."

"Naona, ami Kutaiba."

"Basi usitie mchanga kwenye kitumbua. Wanamlilia yeye. Yeye ndiye uzi uliowashona asubuhi hii. Ukiwaambia uzi wenyewe umetoka wapi, watachana sanda yake mbele ya macho yako. Kisha watakugeukia wewe. Na wakishakuondoa wewe, nani atakaa kitini? Watachinjana kwa jambo hilo pia."

"Nilimwahidi."

"Ulimwahidi mgonjwa aliyekuwa anaogopa. Nasi tumeamrishwa kuyataja mema ya wafu wetu na kuyanyamazia maovu yao. Hilo wewe walijua kuliko mimi."

Nuaim alilijua. Mtu akikushawishi kwa batili utamkimbia, lakini huyu alikuja na haki nusu, na haki nusu ina utamu wake. Isitoshe, Amiri alikuwa anaitazama nchi yake ikiwa nzima kwa mara ya kwanza katika umri wake. Alitamani hilo tangu utotoni. Alikuwa akiliomba katika sijida. Je, mja akiomba jambo akapewa, alikatae kwa kuwa limekuja kwa mlango asioupenda?

"Waitikiaji wapo tayari?" akauliza.

"Wapo safu ya mbele," akasema Waziri, na moyo wake ukatua.

Hapa yafaa nieleze. Katika Nahwar, kabla ya kumsalia maiti, mrithi wake husimama peku miguuni pa jeneza, akauliza mara tatu, "Nani ana haki yake kwa marehemu? Aseme, au amsamehe." Ni desturi njema, na kwa watu wa kawaida ilikuwa na maana yake. Mtu angesema, "Alinisengenya," au, "Alihamisha mpaka wa shamba langu," na jamaa wangeyamaliza palepale. Lakini ilipofika kwa masultani, watu wa jumba wakaona aibu kumwacha mfalme asubiri majibu ya raia. Wakaweka waitikiaji safu ya mbele, wanaume wa vifua vipana, ambao mrithi hajamaliza kuuliza wao wameshajibu, "Tumemsamehe!" Watu wote wakawa wanaitikia nyuma yao, kama waitikiavyo dua hata aliyesinzia. Walidhani wanamheshimu maiti. Kumbe walikuwa wanamzika na mizigo yake yote mgongoni.

Nuaim akavua viatu, akatoka. Alikuwa amekata shauri. Angeuliza mara tatu, waitikiaji wangeitikia, na ile siri angeenda nayo kaburini kwake. Baba atamsamehe, alijiambia. Baba naye angeiona nchi hii asubuhi hii, angesema nyamaza.

Njia ya kwendea uwanja wa sala ilipita walipokusanyika wanawake. Ajuza mmoja mwembamba, amevaa buibui lililopauka, akajitokeza mbele yake na bakuli la udongo limejaa maji. Askari wakataka kumsukuma, Nuaim akawazuia kwa mkono.

"Mwanangu," akasema yule ajuza, "samahani nakusimamisha na msiba wako. Nilitaka kuomba ruhusa."

"Ruhusa ya nini, mama?"

"Ya kumwagia baba yako maji yangu. Naogopa watu watayakataa, wakisema maji ya nyumba ya mhaini yasimwagikie sultani. Mimi ni Lubaba, mke wa Rabii. Wa lango la maji."

Nuaim akalitazama bakuli lile.

"Baba yako alimhukumu mume wangu kwa haki," akaendelea Bi Lubaba, "nami sijawahi kumwekea kinyongo. Rabii alinificha mengi, inaelekea. Alinilia yamini siku aliyochukuliwa kwamba hakulifunga lango, nikamwamini. Baadaye nikajiambia, sultani hawezi kusema uongo, mume wangu ndiye mwongo. Nikaacha kumlilia. Namwombea tu kila baada ya sala, Mola amsamehe uhaini wake na kile kiapo chake cha uongo. Kaburi lake sijawahi kulimwagia maji, naona haya. Leo nikasema, nikimwagia Sultani, huenda Mola akalihesabu na hilo."

Nuaim akamwambia: "Kaa hapa mbele, mama. Usiende mbali."

Akatembea hatua chache hadi kwenye jeneza. Nchi nzima ilikuwa safu moja nyuma ya safu, Juu na Bondeni wamechanganyika kama nafaka gunia moja. Akasimama peku miguuni pa baba yake, jua limeanza kuchoma, na akaliona lote kwa pamoja. Upande mmoja nchi imeungana. Upande wa pili mwanamke mmoja anamwomba Mungu amsamehe mumewe kosa la mtu mwingine. Laiti angekuwa amepita njia nyingine! Alilitamani hilo kweli, mja yule mwema, wala tusimwone mdogo kwa hilo.

Akauliza mara ya kwanza, "Nani ana haki yake kwa marehemu?"

"Tumemsamehe!" wakanguruma waitikiaji, na nchi nzima ikaitikia.

Akauliza mara ya pili. "Tumemsamehe!" Na miongoni mwa sauti zile aliisikia moja nyembamba karibu naye. Alikuwa Bi Lubaba, anasamehe kwa moyo safi asilolijua.

Hapo Nuaim akashindwa. Akawageukia waitikiaji akasema, "Nyamazeni nyie. Sikuwauliza nyinyi." Waziri Kutaiba akafumba macho.

Kisha akapaza sauti ile yake ya chini kadiri ilivyoweza kupaa. "Enyi watu wa Nahwar. Marehemu baba yangu ameniusia niwaombe radhi kwa kosa hili, nami nalitaja kwa jina lake. Lango la maji mwaka ule alilifunga yeye. Hawakulifunga watu wa Juu. Hawakulifunga watu wa Bondeni. Rabii bin Harithi hakulifunga, na damu yake ilimwagwa bila haki. Baba yangu aliwaogopa mlipokuwa kitu kimoja, akawagawa. Haya ninayowaambia nimeyasikia kutoka kinywani mwake, na Waziri Kutaiba alikuwapo. Nani ana haki yake kwa marehemu?"

Waitikiaji hawakuitikia. Kisha kukawa na ghasia.

Yote aliyoyabashiri Waziri yalianza kutimia. Watu waliokuwa wakigombea kubeba jeneza wakarudi nyuma, likabaki chini peke yake, na pembeni yake ni Nuaim tu. Mmoja akapiga kelele asisaliwe. Mwingine akataka atupwe nje ya ukuta alikotupwa Rabii. Jiwe likarushwa, likampata Nuaim begani. Wakaanza kulaumiana tena, huyu akimwambia yule, "Nyie ndio mliotutukana," na yule, "Nyie ndio mliotupiga." Kile kilio cha asubuhi kilikuwa kimekauka zamani. Umoja ulioshonwa kwa uzi ule uliachana kama Waziri alivyosema, tena upesi kuliko alivyosema.

Nuaim hakukimbia wala hakujitetea. Alikaa chini, mavumbini, miguuni pa jeneza. Kama wakitaka kumwua, angekufa ametimiza ahadi. Kama wakitaka kuondoka, angengoja. Waziri akamjongelea akamnong'oneza, "Maulana, maiti haicheleweshwi. Tumsalie sisi wachache tumzike."

"Hatasaliwa mpaka mwenye haki aseme neno, ami."

"Mwenye haki gani? Wako maelfu!"

Nuaim akamwonyesha kwa macho. Bi Lubaba alikuwa bado amesimama pale pale alipoambiwa asimame. Bakuli lake la maji alikuwa bado amelishika. Watu walipomwona, wakaanza kunyamaza, kwanza wa karibu, halafu wa mbali. Pande zote mbili zilikuwa zikimjua. Zote zilikuwa zimempita njiani bila salamu, maana kwa hilo moja, la kumdharau mke wa Rabii, Juu na Bondeni hawakuwahi kutofautiana.

"Rabii hakulifunga?" akauliza.

"Hakulifunga, mama."

"Waambie wale." Akawaonyesha watu wa Juu. Nuaim akainuka, akawaambia. "Waambie na hawa wa kwetu." Akawaambia. "Sasa niambie mimi."

"Rabii alikuapia kweli, mama. Hakulifunga."

Mwanamke yule akainama, akaliweka bakuli chini polepole, akalia. Alimlilia mumewe siku ile kilio ambacho alikuwa amekizuia umri mzima. Hakuna aliyemgusa, hakuna aliyemwambia anyamaze. Alipomaliza akajifuta kwa upindo wa buibui, akaliinua bakuli lake.

"Mama," akasema Nuaim, "wamsamehe baba yangu?"

"Mwanangu, nimeshasema mara mbili nimemsamehe, nawe unajua nilikuwa sijui. Sasa najua, na sina la kusema. Usinihimize." Akavuta pumzi. "Lakini mume wangu hajasaliwa. Alitangulia kufa, na atangulie kusaliwa. Baba yako angoje."

Lo! Kutaiba alishtuka. Sultani angoje? Tangu lini? Hata mautini? Lakini Nuaim alikuwa ameshainamisha kichwa. "Umehukumu kwa haki, mama," akasema. "Tuongoze."

Bi Lubaba akatangulia na bakuli lake, Amiri akamfuata peku. Mwanzo walikuwa wao wawili tu. Kisha yule mzee wa Juu, aliyesema asubuhi "Tumefiwa", akafuata. Alikuwa na mwana aliyekufa mipakani, mmoja wa wale ambao Ijumaa ile hawakuombewa kurudi. Akafuatwa na wa kwao. Watu wa Bondeni nao wakaona haya kuachwa nyuma katika maziko ya mtoto wao, wakaenda. Hakuna aliyemkumbatia mwenzake safari hii. Walitembea vichwa chini, kila mtu anakumbuka aliyoyatenda na aliyoyatamka. Nje ya ukuta, penye kilima kidogo cha udongo kilichoota miiba, walijipanga safu, na kwa kuwa mahali palikuwa pembamba hapakuwa na nafasi ya kuchaguana. Wakamsalia Rabii bin Harithi juu ya kaburi lake. Walipomaliza, Bi Lubaba akanyunyiza maji yake, kidogo kidogo, tangu kichwani hata miguuni. Baada yake wakaja wengine, nyumba moja baada ya nyingine, wa Juu na wa Bondeni, na kila mmoja alimwaga bakuli lake lote. Maji waliyokuwa wamemletea sultani yaliishia pale. Udongo ule ukawa tope, miiba ikaangukia upande.

Na muda wote huo Sultani Ghiyathi, ambaye alipokuwa hai hakuwahi kumngoja mtu, alikuwa uwanjani ndani ya jeneza lake, juani, anangoja zamu yake.

Waliporudi, si wote waliorudi. Wengi walikwenda makwao moja kwa moja. Waliobaki wakamsalia, safu chache. Wakati wa kubeba, Nuaim akaingiza bega mbele, na Waziri Kutaiba, mzee yule, akavua kilemba chake cha uwaziri akaingiza la kwake. Mtu wa Bondeni akaja kimya. Na yule mzee wa Juu akaja, akasema ili asikike na kila mtu, "Simbebi sultani mimi. Nabeba maiti ya Muislamu." Wakamchukua.

Walipomfukia na kusawazisha udongo, watu wakatazamana. Hapakuwa na bakuli lenye maji. Kaburi la mfalme wa Nahwar lilikuwa kavu, na kwa desturi yao maana yake ilijulikana. Nuaim alisimama hapo, akalia tena, safari hii bila sauti.

Bi Lubaba alikuwa amekaa juu ya jiwe karibu na lango la makaburi, amechoka. Akamwita. Nuaim alipofika, akampa bakuli lake la udongo. Chini kabisa yalikuwa yamebaki maji, funda moja, pengine mawili.

"Haya yamebaki kwa Rabii," akasema. "Mchukulie baba yako."

Nuaim akayachukua kwa mikono miwili, akayanyunyizia yote.

Ama Nahwar, wasimulizi wanasema Nuaim alikalia kiti, na jambo lake la kwanza lilikuwa kuwarudisha vijana kutoka mipakani. Juu na Bondeni waliendelea kugombana juu ya maji, maana maji ni maji, lakini waligombana kama majirani, wakishamaliza wanaulizana habari za watoto. Bi Lubaba kama alimsamehe marehemu au hakumsamehe, hakumwambia mtu, na hakuna aliyethubutu kumwuliza.

Nasikia watu wakisema, afapo mfalme nchi huungana. Huenda. Mvua nayo ikinyesha huwakusanya watu baraza moja, ikianuka kila mtu hushika njia yake. Kilichowaweka watu wa Nahwar pamoja hakikuwa jeneza la aliyewagawa. Kilikuwa kaburi la waliyemdhulumu wote kwa pamoja, siku walipopewa ukweli wake na wakakubali kuusimamia juani. Na Sultani Ghiyathi, pamoja na majumba yake na waitikiaji wake, hakuondoka duniani na kitu kilichomfaa isipokuwa ahadi iliyotimizwa na mwanawe, na funda la maji kutoka kwa mjane wa mtu aliyemwua. Mola atujaalie tuwe watu wa kuomba radhi tungali na ndimi, tusije tukalazwa kwenye udongo mkavu tukisubiri mabaki ya wale tuliowadhulumu. Amina.